Kulinda harufu na ladha ya hopsi kwenye bia ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Napika bia jikoni kwangu nje kidogo ya Seattle, lita 20 kwa mkupuo, na bonde la Yakima linakolimwa hopsi liko mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari. Ndugu na marafiki wanaonipigia simu kutoka Nairobi, Arusha au Minneapolis huuliza karibu jambo lile lile: "Siku ya kujaza chupa bia ilinukia embe na chungwa. Baada ya wiki tatu inanukia boksi lililolowa mvua. Nimekosea wapi?" Mengi ya majibu yangu yako hapa chini. Nitangulize msimamo wangu ili usome ukiujua: watu wengi wakikosa harufu huongeza hopsi, mimi nasema ziba hewa kwanza.

Hopsi ni kitu gani, na hiyo harufu inakaa wapi?

Ni maua ya jike ya mmea unaopanda nguzo na kamba, jina lake la kitaalamu Humulus lupulus. Ukipasua ua moja utakuta kati ya majani yake madogo unga wa njano unaonata: lupulini. Humo ndimo kuna asidi za alfa, zinazoleta uchungu, na mafuta, yanayoleta harufu. Mafuta ni haba, kwa hopsi nyingi kati ya asilimia 0.5 na 4 ya uzito. Ndani yake kuna mirisini yenye harufu ya utomvu na matunda, humulini yenye harufu ya miti, geranioli inayokumbusha waridi, na linaloli, ambayo imo pia kwenye giligilani.

Asidi za alfa zinataka kuchemshwa muda mrefu ndipo zigeuke na kuyeyuka kwenye bia. Mafuta yakiona moto yanakimbia. Kazi yote ya mpishi wa bia inazunguka kwenye ugomvi huo.

Kule kwetu Moshi mbege hupata uchungu wake kwenye gome la msesewe, na hakuna mzee atakayeinusa akitafuta ua. Zaidi ya hayo mbege hainywewi baada ya mwezi. Hunywewa ikiwa bado inachachuka, ikichelewa humwagwa. Bia ya hopsi tunaitaka ikae chupani na bado inukie kama siku ya kwanza. Hapo ndipo shughuli ilipo.

Naweza kuotesha hopsi zangu Afrika Mashariki?

Mmea utaota, ila usitegemee mavuno ya maana. Unataka siku ndefu za kiangazi ndipo uchanue vizuri, ndiyo maana mashamba makubwa ya dunia yako kati ya nyuzi 35 na 55 za latitudo: Hallertau huko Ujerumani, Žatec huko Cheki, Yakima hapa Washington, jimbo linalotoa karibu robo tatu ya hopsi zote za Marekani. Kwetu siku ina saa 12 mwaka mzima. Walio karibu nasi ni wakulima wa George, Afrika Kusini, wenye aina kama African Queen na Southern Passion, na hata wao ilibidi wazalishe mbegu zinazovumilia siku fupi. Nunua tu.

Nitajuaje kuwa hopsi ninazonunua bado zina harufu?

Soma mwaka wa mavuno kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Yakima huvuna kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Septemba. Australia, New Zealand na Afrika Kusini huvuna kati ya Februari na Aprili. Kwa hiyo Galaxy ya Australia na Citra ya Yakima (hizo ni aina za hopsi) zikiwa na mwaka mmoja kwenye pakiti, ile ya Australia imeitangulia mwenzake kwa karibu nusu mwaka.

Pili, bonyeza pakiti. Iliyofyonzwa hewa sawasawa huwa ngumu kama tofali. Iliyojazwa naitrojeni itakuwa laini, hiyo si kasoro, lakini muulize muuzaji ilikuwa imewekwa wapi. Kama ilikuwa rafuni pamoja na ndoo na mipira, mwachie.

Ukifika nyumbani chukua kidonge kimoja (hopsi nyingi siku hizi huuzwa zikiwa zimesagwa na kushindiliwa kuwa vidonge) ukivunje kwa kucha. Ndani kiwe kijani. Kisugue kwenye kiganja mpaka kipate joto: kiache unata na rangi ya njano, na harufu ipande yenyewe kabla hujainama. Kikivunjika kama chaki, kikiwa na rangi ya majani makavu ya chai, kikinuka jibini au soksi za mchezaji, kazi imekwisha. Ile harufu ya jibini ni asidi zilizoharibiwa na oksijeni.

Niliwahi kununua gramu 450 za Cascade kwa bei ya kutupa kwenye duka ambalo sitalitaja. Pakiti ilikuwa imelegea kama mto wa mtoto. Niliona, nikajifanya sikuona, kwa sababu ya bei. Bia ile tuliimalizia kwa kulowekea nyama ya kuchoma. Baadaye nikajifunza kuwa Cascade, aina iliyotolewa Oregon mwaka 1972 na ambayo bado naipenda sana, ikikaa miezi sita kwenye nyuzi 20 za sentigredi hupoteza karibu nusu ya asidi zake za alfa. Magnum huvumilia zaidi. Mafuta ya harufu nayo huharibikia njia hiyo hiyo.

Nizihifadhi vipi nyumbani?

Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, ndani ya mfuko wa foili uliobanwa hewa yote ikatoka. Mfuko wa nailoni wa kawaida hupitisha hewa, hata ukiufunga mara tatu. Ukinunua nyingi, zigawe siku hiyo hiyo kwenye vifurushi vya gramu 50 ili usifungue kila mara mfuko mkubwa. Chupa ya glasi iliyojaa nusu nayo si rafiki. Ile nusu nyingine ni hewa.

Ukitoa kifurushi kwenye friza kiache kifikie joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo umande utatua juu ya hopsi. Umeme ukikatika saa chache usiogope, usifungue friza tu. Yetu ina samaki upande mmoja na Citra upande wa pili, na mpaka leo hakuna aliyemwambukiza mwenzake.

Nitie hopsi dakika ya ngapi?

Fikiria mchuzi. Tangawizi na kitunguu saumu huingia mapema, vipikike. Giligilani, au dania kama wasemavyo Kenya, au kotimiri kwa watu wa pwani, hutiwa sufuria ikiwa inaepuliwa. Ukiitia mwanzoni hutaipata mwishoni.

Hopsi za uchungu ziingie mwanzoni, zichemke dakika 60 kwenye maji ya kimea (hayo nitayaita woti, ni togwa ya shayiri tu ambayo haijatiwa hamira). Za ladha watu huzitia zikibaki dakika 15 au 10. Za harufu zisichemke kabisa. Mirisini, ambayo ndiyo nyingi kwenye mafuta ya aina kama Citra, huondoka na mvuke ndani ya dakika chache. Jikoni kukinukia vizuri mpaka jirani akagonga mlango, ujue harufu iko jikoni, haiko kwenye sufuria.

Ninavyofanya mimi: nazima moto, napooza woti mpaka nyuzi 80, ndipo natia hopsi za harufu, nakoroga polepole ili zizunguke, nafunika dakika 20, kisha napooza haraka hadi joto la kutia hamira. Kwenye nyuzi 80 asidi za alfa hugeuka kwa uvivu, kwa hiyo unapata ladha bila uchungu mwingi, na mvuke unaotoroka ni kidogo. Zamani nilikuwa natia pia za dakika 15. Nimeacha. Sioni zinachofanya ambacho hizi za nyuzi 80 hazikifanyi vizuri zaidi kwa pesa ile ile.

Niko Nairobi, maji yanachemka chini ya nyuzi 100. Inabadilisha kitu?

Ndiyo, upande wa uchungu. Nairobi iko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Asidi za alfa zitageuka pungufu, kwa hiyo ongeza kidogo hopsi za dakika 60. Upande wa harufu usijidanganye. Mvuke ni mvuke, bado utabeba mafuta. Ile hatua ya nyuzi 80 haibadiliki.

Hopsi za baridi ni nini, na nitie kiasi gani?

Ni zile zinazotiwa kwenye bia baada ya kuchachuka, bila moto wowote. Mafuta huyeyuka taratibu ndani ya bia yenyewe, na hakuna njia nyingine inayotoa harufu kali kama hii.

Kiasi: gramu 4 hadi 8 kwa lita. Kwa lita 20 hizo ni gramu 80 hadi 160. Najua kuna wanaotia 20 kwa lita na kujisifu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon uliotoka mwaka 2018, uliotumia Cascade, ulionyesha kuwa ukipita gramu 8 kwa lita faida inazidi kupungua, na harufu inaanza kuegemea majani ya chai kuliko machungwa. Hopsi pia hunywa bia. Kila gramu unayoongeza inaondoka na sehemu ya kinywaji chako ikienda kukaa na mashapo chini ya ndoo.

Muda: siku mbili au tatu zinatosha kwa vidonge. Wiki mbili, kama tulivyofundishwa zamani, huleta ladha ya nyasi. Joto liwe kati ya nyuzi 14 na 20.

Lini hasa? Hapa watu hugombana. Ukizitia wakati hamira imepamba moto, gesi inayotoka kwa nguvu hubeba harufu na kuitupa nje kupitia kipumulio, kile kibomba chenye maji juu ya mfuniko. Kwa upande mwingine hamira iliyo hai hugeuza baadhi ya mafuta, kwa mfano geranioli huwa sitroneloli, na kuna wanaoipenda ladha hiyo ya ndimu. Ukingoja mpaka bia imetulia kabisa, kila ukifungua mfuniko hewa inaingia na hakuna wa kuila. Mimi nachagua katikati: povu limeshuka, kipumulio kinatoa povu moja kwa dakika hivi, sukari imebaki kidogo. Hamira iko macho bado, na hewa niliyoiingiza kwa kufungua mfuniko itaimaliza yenyewe. Natia, nafunika, sikorogi, sichungulii.

Nilitia hopsi za baridi, bia ikaanza kuchachuka upya. Chupa mbili zimepasuka. Ni bakteria?

Pole sana dada, na usiziguse zilizobaki kwa mikono mitupu. Zifunike kwa taulo nzito na uziingize kwenye friji.

Huenda si bakteria. Hopsi zina vimeng'enya vyake vinavyokatakata sukari ndefu ambazo hamira haikuweza kuzila, zikawa fupi, hamira ikaamka tena. Si ugunduzi wa juzi. Wakemia wa Kiingereza Brown na Morris waliandika juu yake mwaka 1893, kisha watu wakasahau hadi bia za hopsi nyingi ziliporudi. Tatizo ni kwamba kipimo cha uzito wa bia kikishuka kutoka 1.014 hadi 1.010 ndani ya chupa, gesi inayozaliwa hapo ni zaidi ya ile ya sukari uliyotia mwenyewe kwa makusudi. Ndiyo iliyokupasulia chupa. Wakati huo huo huja ladha ya siagi, daiasetili, ambayo hufunika hopsi zote.

Dawa yake ni subira tu. Baada ya kutia hopsi acha bia kwenye joto lile lile la kuchachukia, pima, pima tena baada ya siku tatu. Vipimo vikilingana na hakuna siagi, jaza chupa.

Kwa nini unaisema sana oksijeni? Ni hewa kidogo tu.

Tupige hesabu. Chupa ya nusu lita, shingoni umeacha nafasi ya mililita 20, kama wengi wafanyavyo. Asilimia 21 ya hewa hiyo ni oksijeni, yaani mililita 4.2, ambazo zina uzito wa miligramu 5.6 hivi. Gawanya kwa nusu lita: miligramu 11 kwa lita. Viwanda vinavyotengeneza bia za hopsi hujitahidi jumla ya oksijeni kwenye kopo isizidi miligramu 0.05 kwa lita. Umewazidi zaidi ya mara 200, na hapo hatujahesabu ile iliyoingia wakati bia inapita kwenye mpira.

Kinachokuokoa ni hamira iliyo chupani, maana inapokula sukari ya gesi hula na oksijeni pia. Haili yote. Inayobaki hushika mafuta ya hopsi na kuyageuza. Kwanza harufu ya matunda inafifia, halafu inakuja asali, halafu boksi lililolowa. Rangi nayo inafuata. Bia zenye ukungu, zile za mtindo wa New England zenye oti na hopsi tele, huharibika mbele ya macho: kutoka rangi ya juisi ya nanasi hadi kahawia yenye kijivujivu.

Kama huniamini, fanya jaribio nililofanya. Mkupuo mmoja, chupa 12, sukari sawa. Sita nilizijaza kama kawaida. Sita nyingine nilizijaza karibu na mdomo, nikaacha nafasi isiyozidi sentimita moja. Zote kabatini wiki nne. Nilipozimimina kwenye glasi mbili, shemeji yangu, ambaye hanywi bia wala haimhusu, alisimama mlangoni akauliza kwa nini nimechanganya chai na juisi. Glasi ya chai ndiyo ile ya nafasi kubwa. Hopsi zilikuwa zile zile, za pakiti moja.

Sina kegi wala mtungi wa gesi. Nifanye nini?

Unaweza kupata bia nzuri bila hivyo. Kegi ni bora, sikatai: unaijaza maji ya dawa ya kuua vijidudu mpaka juu, unayasukuma nje kwa gesi ya kaboni, inabaki kegi isiyo na hewa, kisha unaingiza bia kwa mpira kupitia njia iliyofungwa. Lakini si kila mtu ana pesa hiyo, na mimi nilikaa miaka minne na chupa.

Kwa chupa: usihamishie bia kwenye ndoo ya pili ili kuchanganya sukari. Huko kuhamisha ndiko kunakoua. Pima sukari moja kwa moja ndani ya kila chupa, gramu 3 kwa nusu lita zinatosha, halafu jaza kutoka kwenye bomba la ndoo ile ile iliyochachushia, kwa kijiti cha kujazia kinachofika chini kabisa ya chupa. Bia ipande yenyewe kimya kimya, bila kurusha. Ukiona inachuruzika kwa kelele kama maziwa yanayokamuliwa, umeshapoteza. Jaza mpaka karibu na mdomo, ukichomoa kijiti nafasi itajipa. Povu likipanda weka kizibo juu ya povu na ubane hapo hapo, usingoje kumaliza zote ndipo uanze kubana.

Na ndoo zenyewe: plastiki nyeupe ya kawaida hupitisha oksijeni polepole, pia hufyonza mafuta ya hopsi, ndiyo maana ndoo yako inanukia hata baada ya kuoshwa. Kwa siku kumi na nne haina neno. Kwa miezi miwili, tafuta chuma cha pua au glasi.

Kupooza bia kwenye friji kabla ya kujaza kunasaidia?

Kunasaidia hopsi kuzama. Lakini bia ikipoa kutoka nyuzi 20 hadi 2, gesi iliyo juu yake husinyaa na nyingine huingia ndani ya bia, na ndoo inavuta hewa kupitia kipumulio. Utasikia kikinywa maji kinyumenyume. Wengine hufunga puto la foili lililojazwa gesi ya uchachushaji ili ndoo ivute hiyo badala ya hewa, na ni ujanja mzuri. Kama huna, acha. Vumilia mashapo kidogo kwenye chupa.

Bia yangu inanuka kicheche.

Hilo ni jua. Mwanga ukipiga bia, vitamini B2 iliyomo ndani huuvuta na kuvunja asidi za uchungu za hopsi, na kinachozaliwa ni kitu chenye salfa kinachofanana sana na uvundo wa mnyama huyo. Kwenye glasi iliyo juani inachukua dakika chache tu. Chupa za kahawia hukinga vizuri, za kijani kidogo sana, nyeupe karibu na bure. Zile za kahawia za nusu lita zilizojaa kwenye baa zetu ni bora kuliko chupa nyingi za kifahari. Osha, kausha, weka gizani.

Naishi Dar, nyumba ni nyuzi 30. Nikate tamaa?

Hapana, ila badili hamira. Hamira za kawaida za bia ya aina ya ale zikichachukia nyuzi 30 hutoa harufu ya pombe kali na ndizi, na hopsi hazisikiki. Tafuta kveik, hamira za mashambani huko Norway ambazo hupenda nyuzi 30 hadi 40. Ile ya Voss ina harufu ya chungwa ya kwake yenyewe, inapatana sana na Cascade au Citra, na inamaliza kazi kwa siku chache.

Shida ni baada ya hapo. Kwa makadirio, kila joto linapopanda nyuzi 10 kuchakaa kwa bia huenda mara mbili au tatu kwa kasi. Wiki moja kabatini Dar ni kama mwezi na nusu kwenye friji, pengine zaidi. Kwa hiyo acha chupa kwenye joto la nyumba siku saba hadi kumi zipate gesi, fungua moja ujaribu, zikiwa tayari zote ziende kwenye friji. Zote. Kama friji inabeba chupa 20, tengeneza chupa 20.

Maji yana mchango?

Yana. Maji ya bomba yenye klorini huleta ladha ya plasta ya hospitali, na hopsi haziwezi kuificha. Tumia yaliyochujwa kwa kaboni, au ponda nusu kidonge cha Campden (metabisulfiti, dawa inayoondoa klorini) kwa lita 20. Baada ya hapo, salfeti nyingi (jasi) hufanya uchungu uwe mkavu na mkali. Kloridi nyingi huleta ulaini. Mimi hugawa sawa kwa sawa na sijawahi kujuta. Wengine hulifanya dini.

Nitie vitamini C ili kuzuia oksijeni?

Wengi hutumia metabisulfiti ya potasiamu badala yake, gramu 0.3 kwa lita 20 siku ya kujaza. Inasaidia, hamira bado itatengeneza gesi. Mwenye pumu aambiwe kabla hajanywa. Lakini hii ni kiraka. Mtu anayerusha bia kwenye ndoo kisha anatia dawa anafanana na anayeziba paa akiwa ameacha mlango wazi.

Mbona IPA (India Pale Ale, bia ya hopsi nyingi) za zamani zilisafiri miezi hadi India na zikafika salama?

Zilifika salama kwa maana ya kutochacha. Uchungu wa hopsi huzuia bakteria wengi, ndiyo faida waliyoitaka wapishi wa London kama Hodgson wa Bow. Bia ilikaa kwenye mapipa miezi minne hadi sita baharini na ikafika imekomaa, kavu, chungu. Hakuna aliyeifungua Calcutta akitegemea embe. Sisi tunatumia jina lile lile kwa kinywaji chenye matakwa tofauti kabisa.

Basi bia yenye hopsi nyingi inywewe ndani ya muda gani?

Ikishapata gesi, wiki sita za kwanza ndizo zake. Kwenye friji na kwa ujazaji mzuri itafika miezi mitatu ikiwa bado ina heshima. Usiweke moja ya harusi ya mwakani. Kama unataka kuweka akiba, tengeneza stauti.

Ni halali kutengeneza nyumbani?

Hapa Marekani sheria ya shirikisho iliruhusu kwa sahihi ya Rais Carter mwaka 1978: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, na si ya kuuza. Mississippi na Alabama zilichelewa hadi 2013. Kwingineko soma sheria ya nchi yako kabla hujanunua ndoo.

Yale mashapo ya hopsi niyamwage wapi?

Kwenye shimo la mbolea lililofunikwa, au kwenye mfuko wa takataka uliofungwa. Kama una mbwa, hakikisha hayafikii, hata kidogo. Hopsi humpandishia mbwa joto la mwili kwa kasi na zinaweza kumuua, ziwe mbichi au zimekwisha pikwa. Akila, usingoje uone. Mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.